Don Norman alisoma umeme, wewe unasoma Figma

Ukimwuliza mtu yeyote aliye kwenye kazi ya UX aanzie wapi kijana anayetaka kuingia, utatajiwa kozi ya mtandaoni, programu ya Figma na kitabu kimoja: The Design of Everyday Things cha Don Norman. Kozi inabadilika kila mwaka, ila kitabu hakibadiliki. Kila orodha inacho, na kila mhamasishaji wa LinkedIn amepiga picha jalada lake, lile lenye birika ambalo mkono na mdomo viko upande mmoja, ubunifu wa kejeli wa Mfaransa Jacques Carelman.

Nimekisoma mara mbili, toleo la 2013. Kusema kweli ni kitabu kizuri. Tatizo langu ni kazi kinayopewa. Kinasomwa kama ramani ya ajira wakati kilichomo ni saikolojia ya makosa. Matokeo yake, mtu anamaliza kurasa mia tatu na zaidi akiwa hodari wa kulalamikia milango, halafu anashangaa kwa nini usaili haumwendei vizuri.

Tuanze na kilicho bora. Kitabu kilitoka 1988 kwa jina The Psychology of Everyday Things. Jina likabadilishwa baadaye kwa sababu wauza vitabu walikuwa wanakipanga kwenye rafu ya saikolojia, ambako wabunifu hawapiti. Binafsi naona rafu ya kwanza ndiyo ilikuwa sahihi. Hoja yake kubwa ni kwamba mtu anapokwama na kifaa anajilaumu yeye, "mimi na hivi vitu hatuelewani", kumbe kifaa ndicho hakikusema kinafanyaje kazi. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa jokofu. Lilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja kimeandikwa cha friza na kingine cha sehemu ya kawaida. Ukiviona, kichwani unajenga picha kwamba kila sehemu ina mtambo wake wa baridi. Si kweli. Ndani kuna kipima joto kimoja na kitu kimoja tu cha kugawa hewa baridi. Ukizungusha kitufe kimoja unavuruga pande zote mbili, na matokeo unayaona kesho yake. Kwa hiyo unaweza kuhangaika mwezi mzima na usijue. Pengo lile, kati ya picha iliyo kichwani mwako na jinsi kitu kinavyofanya kazi kweli, ndilo moyo wa kitabu.

Sura ya tano, ya makosa, ningemwambia mtu aisome kwanza kabla ya zote. Norman anatenganisha aina mbili. Kuna kuteleza: nia yako ni sahihi ila mkono umefanya kingine. Na kuna kukosea kwenyewe: mkono umefanya ulichotaka, ila ulichotaka chenyewe hakikuwa sahihi. Tofauti hii inaonekana ya kitaaluma mno mpaka uipeleke kwenye simu yako.

Chukua kutuma pesa kwa namba isiyo sahihi. Umebonyeza 7 badala ya 4, pesa imeenda kwa mtu wa Sumbawanga usiyemjua. Huko ni kuteleza. Dawa ya haraka inayokuja kichwani kwa watengenezaji wengi ni kuuliza "Una uhakika?" Norman anaeleza kwa nini dawa hiyo haifanyi kazi: ukiulizwa hivyo, unathibitisha kitendo, wala huangalii kile kinachotendewa. Ndiyo, nina uhakika nataka kutuma pesa! Swali halikunigusa kwenye namba niliyoandika. Sasa angalia menyu zetu zilipofika. Leo kabla ya kuweka namba ya siri unaonyeshwa jina la mpokeaji. Kenya Safaricom waliipa huduma ya namna hiyo jina la Hakikisha. Jina la mtu linakutoa kwenye kitendo na kukurudisha kwenye mlengwa, maana macho yanayopita tarakimu kumi bila kuona kitu hayawezi kupita "Hamisi" pale ulipotegemea "Neema". Hiyo ni sura ya tano ya Norman imekaa kwenye simu ya kitochi, na sidhani kama kuna mfano bora zaidi ndani ya kitabu chenyewe.

Halafu geuza upande wa pili, utaona kitabu kinaishia wapi. "Ile pesa itume kwenye namba hii." Kila Mtanzania mwenye laini ameshapokea ujumbe huo. Anayetuma hajateleza, amebonyeza kila tarakimu kwa usahihi. Jina limetokea na amelisoma, ni geni, lakini tayari ameshaambiwa laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kwa lugha ya Norman amekosea, lengo lake halikuwa sahihi, sawa. Ila lengo hilo kalipanda mtu mwingine kwa makusudi. Kitabu kizima kimejengwa juu ya watu wawili, mbunifu mwenye nia njema na mtumiaji mwenye kuchanganyikiwa. Mtu wa tatu anayekaa katikati akivizia anaguswa kwa kurasa chache sana. Mtu anayetaka kubuni bidhaa za pesa Afrika Mashariki akiwa na kitabu hiki peke yake ameachwa nusu ya safari.

Sehemu ya pili ninayoipinga ni sura ya sita, inayofundisha namna ya kubuni: angalia watu, toa mawazo, tengeneza mfano, jaribu, rudia. Hapo Norman anaunga mkono pendekezo la mwenzake Jakob Nielsen kwamba watu watano wanatosha kwa jaribio moja. Namba hii tano imekuwa kama aya takatifu. Utaikuta kwenye kila potifolio: "nilifanya majaribio na watumiaji 5". Wachache wanajua imetoka wapi, na kwa kuwa hili ni gazeti letu la sayansi, ngoja tuipasue.

Nielsen na Landauer, mwaka 1993, walipendekeza kwamba ukijaribu na watu n, sehemu ya matatizo utakayoyaona ni 1 − (1 − L)ⁿ, ambapo L ni uwezekano wa mtu mmoja kugundua tatizo moja. Kwenye miradi waliyoipitia wastani wa L ulikuwa 31%. Weka 0.31 na watu 5, unapata kama 84%. Hapo ndipo ile "asilimia 85" maarufu inapotokea. Hesabu iko sawa kabisa. Swali ni L. Hakuna sheria ya maumbile inayosema L lazima iwe 31%. Ulikuwa wastani wa miradi ile. Kama bidhaa yako ina matatizo yaliyojificha, yanayomkuta mtu mmoja kati ya kumi, L ni 0.10, na watu watano watakuonyesha 41% tu. Ili ufike 85% unahitaji watu 18. Jared Spool na Will Schroeder walipopima tovuti za kununulia vitu, mwaka 2001, watu watano wa kwanza walifichua 35% tu ya matatizo. Miaka miwili baadaye Laura Faulkner alijaribu na watu 60, akawa anachota vikundi vya watano watano kwa bahati nasibu: kikundi kingine kiliona karibu kila kitu, kingine kiliambulia 55%. Yaani kwa watu watano unaweza kuwa na bahati, na unaweza usiwe nayo, na wewe mwenyewe hutajua umeangukia upande gani.

Kuwatendea haki, Nielsen na Norman wanasema jaribu na watano, rekebisha, kisha jaribu na watano wengine. Hoja yao ni kurudia. Lakini kurudia ndiko kunakokatwa bajeti ikibana, inabaki ile tano. Halafu hao watano wenyewe ni nani? Kwenye mawasilisho mengi ya wanafunzi ninayoyaona ni wenzao wa hosteli, wote na simu janja, wote na kifurushi. Ukitafuta tatizo linalomkuta mama wa sokoni mwenye simu ya kitochi kwa kutumia wanafunzi watano wa chuo kikuu, L yako ni sifuri. Sifuri ukiipeleka kwenye fomula inabaki sifuri hata uwe na watu mia.

Sasa kwenye ramani ya kazi. Wanaokipendekeza kitabu huwa hawasemi mwandishi wake alifikaje pale. Norman alihitimu uhandisi wa umeme MIT mwaka 1957, akaongeza shahada ya pili ya umeme Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kisha hapo hapo akachukua udaktari wa saikolojia mwaka 1962. Akafundisha, akatafiti kumbukumbu na umakini wa binadamu, akawa mmoja wa waliosimamisha idara ya sayansi ya utambuzi kule San Diego. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Machi 1979, alikuwa kati ya wataalamu walioitwa kuchunguza kwa nini waendeshaji walikosea. Walichokuta ni chumba cha mitambo kilichopangwa vibaya kiasi kwamba kukosea kulikuwa kama kumeandaliwa. Ni mwaka 1993 tu, akiwa na miaka karibu sitini, ndipo alipoingia Apple na kujiita msanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Cheo hicho ndicho kinachohesabiwa mwanzo wa jina la kazi hii.

Wa kabla yake ni hivyo hivyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za B-17 walikuwa wanatua salama kisha wanakunja magurudumu ndege ikiwa chini. Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia, aliona kwamba swichi ya magurudumu na ya mabawa zilikuwa zinafanana na zimekaa jirani. Dawa ilikuwa ndogo: moja iwekewe umbo la gurudumu na nyingine umbo la bawa, mkono utambue wenyewe. Na John Karlin, mzaliwa wa Johannesburg aliyesoma Cape Town saikolojia pamoja na muziki, alianzisha mwaka 1947 kitengo cha kupima mapendeleo ya watumiaji ndani ya maabara za simu za Bell, Marekani. Kitengo hicho ndicho kilichopima mipangilio mbalimbali ya vitufe vya simu kabla ya kuchagua ule wenye 1-2-3 juu, na matokeo yalichapishwa 1960. Kila ukipiga *150*00# kidole chako kinapita juu ya jaribio hilo. (Nyota na alama ya reli ziliongezwa baadaye, 1968. Sidhani kama kuna aliyefikiria kwamba siku moja zitabeba mishahara ya watu.)

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanzia kwenye rangi na mpangilio wa skrini. Wote waliingia kwa mlango wa kupima. Norman mwenyewe aliandika mwaka 2010 kwamba elimu ya ubunifu lazima ibadilike, kwa kuwa vyuo vinatoa watu wenye mikono mizuri lakini wasiojua jaribio linapangwaje wala takwimu zinasomwaje. Nakubaliana naye, ila ninamlaumu pia. Miaka mitatu baada ya malalamiko yale alitoa toleo jipya la kitabu ambacho kila anayeanza atakishika, na ndani yake hakuna mahali msomaji anafundishwa kupanga jaribio hata moja mpaka mwisho. Anaambiwa jaribu, haambiwi vipi. Nafasi ya kurekebisha alichokilalamikia alikuwa nayo mikononi.

Pengo hilo wamelijaza wauza kozi. Google walizindua cheti chao cha UX mwaka 2021, miezi sita au pungufu ukijitoa saa kumi kwa wiki, na baada yake zimefuata nyingine lukuki. Sina ugomvi na kozi, kwa mtu asiye na ada ya chuo ni mlango halali. Ninachokataa ni hesabu inayouzwa nayo: soma kitabu, jua Figma, pata cheti, pata kazi. Matangazo ninayoyaona ya Dar na Nairobi yanataka mtu mmoja achore skrini, aandike HTML, atengeneze na mabango ya Instagram wikiendi. Utafiti unatajwa kwenye mstari wa mwisho, kama umetajwa. Kijana aliyesoma kwamba kazi yake ni kukaa na watu na kuwaelewa anakuta kazi ni kupendezesha kile ambacho bosi ameshakiamua.

Sura ya saba inagusa hapa, nayo ndiyo iliyoandikwa kwa uchovu zaidi. Norman anakiri kwamba ushindani unafanya bidhaa zirundikiwe vitu visivyohitajika. Anakiri halafu anapita. Ajabu, maana yeye ndiye anayejua. Aliingia Apple, akapanda hadi kuwa makamu wa rais wa kitengo cha teknolojia za juu, na mwaka 1997 Steve Jobs aliporudi kitengo hicho kikafungwa. Ningelipa bei ya kitabu kizima kupata sura moja ya kweli kuhusu siku mbunifu anapojua jibu sahihi na kampuni ikaamua lingine. Hiyo ndiyo sura ya ajira ambayo watu wanaitafuta humo na haimo.

Kuna kimya kingine ambacho hakimhusu Norman peke yake. Mifano yake mingi ni ya vitu vya kushika: milango, mabomba, majiko, swichi za taa. Anayo maelezo mazuri sana kuhusu viashiria, yaani zile alama zinazokuambia sukuma hapa au bonyeza pale. Lakini menyu ya USSD haina mlango wala kitasa. Ina maneno na tarakimu, basi. Ujumbe mmoja unabeba herufi 182, na usipojibu kwa muda uliopangwa na mtandao, kikao kinakatika. Kikikatika baada ya kuweka namba ya siri, pesa imeenda au haijaenda? Mtu anakaa anasubiri ujumbe, au anarudia na kutuma mara mbili. Norman angeliita hilo pengo la tathmini na angekuwa sahihi. Ila dawa yake ya kawaida, kufanya kitu kionekane, haina pa kukaa. Huna rangi, huna umbo wala mahali pa kukiweka. Una sentensi tu.

Na sentensi yenyewe ni ya Kiswahili. "Weka namba ya siri kuthibitisha" ni herufi 31 ukihesabu na nafasi. Kiingereza chake kinamalizika kwa 20 hivi. Mbunifu aliyepanga menyu yake kwa Kiingereza kisha akampa mtu atafsiri atakuta imefurika, ataanza kukata maneno, na hapo ndipo "thbtsha" zinapozaliwa. Neno nalo lina mitego yake. "Toa pesa" kwenye menyu maana yake chukua pesa yako kwa wakala. Lakini kutoa kwa Kiswahili cha kila siku ni kumpa mtu pia: unatoa sadaka, unatoa mchango, unatoa zawadi. Mtu anayetumia menyu kwa mara ya kwanza, akiwa na nia ya kumpa mwanawe nauli, ana sababu zote za kubonyeza "Toa" na kuacha "Tuma". Hajateleza. Amesoma lugha yake vizuri, ila menyu imechagua maana moja kati ya mbili bila kumwambia. Watu wenyewe walishaunda msamiati wao pembeni: "tuma na ya kutolea" inabeba sera nzima ya nani analipa makato, kwa maneno manne, na haikutoka kwenye ofisi ya mbunifu yeyote.

Kazi ya kukaa na maneno hayo, kuyapima kwa watu wa kweli na wa kutosha, kisha kumwonyesha meneja namba zinasemaje, ni kazi ya UX kwa maana ile ya Karlin. Matangazo yanataka Figma. Bado sijaona hata moja linalomtafuta mtu anayeweza kueleza kwa nini "Toa" na "Tuma" zisikae mstari mmoja juu ya mwingine.